Je, mtu aliye mbali anaweza kumwongoza asiyeona katikati ya Kampala kwa kutumia simu?

Mkazi wa Bweyogerere ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mtu mzima niliyepoteza uwezo wa kuona kidogo kidogo kwa sababu ya ugonjwa wa glakoma. Sasa jicho la kulia halioni chochote, na la kushoto limebakiwa na uwezo wa kutofautisha mwanga na giza tu. Nimefundishwa kutumia fimbo nyeupe, na mtaani kwetu natembea bila kushikwa mkono: najua mtaro ulipo, naitambua steji ya bodaboda kwa sauti za vijana wanaokaa pale, na wenye maduka wananifahamu.

Shida yangu ni mjini. Nimepata kazi ya kupokea simu katika ofisi moja iliyoko Kampala Road. Kila asubuhi nashuka kwenye kamunye, yaani basi dogo la abiria, pale Old Taxi Park, kisha sina budi kupanda kwa miguu katikati ya wapagazi, magari yanayorudi nyuma bila onyo na watu waliotandaza bidhaa chini mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Mpaka sasa mpwa wangu ndiye anayenisindikiza, lakini muhula ukianza atarudi chuoni Mbarara.

Nimeelezwa kwamba zipo huduma ambazo mtu asiyeona hufungua kamera ya simu yake, na mtu mwingine aliye mbali, hata katika nchi nyingine, huona kile ambacho kamera inakiona na kumwelekeza kwa sauti. Nimetajiwa Be My Eyes na Aira, lakini sijaelewa zinatofautiana wapi. Ningependa kujua kutoka kwa wenye ujuzi kama naweza kutegemea huduma ya namna hiyo kutoka kwenye taxi park hadi mlangoni mwa ofisi. Pia, je, mpwa wangu akiwa Mbarara anaweza kunifanyia kazi hiyo hiyo kwa simu ya video ya WhatsApp? Na kushika simu mkononi katikati ya mji si kumwita mwizi? Simu yangu ni ya Android, si ya bei kubwa, na natumia TalkBack, ile inayosoma skrini kwa sauti. Naomba majibu ya kina, kwa sababu maneno ya kunitia moyo nimekwisha kuyapata ya kutosha.

Mkufunzi wa Mukono amejibu:

Ndugu, pole na hongera kwa kazi. Nafundisha watu wasioona namna ya kujielekeza na kutembea, na swali kama lako huulizwa mara nyingi na wazazi, mara chache na wenyewe, kwa hiyo nafurahi kwamba umeliuliza wewe mwenyewe. Jibu langu ni ndiyo kwa sehemu fulani za safari yako na hapana kwa sehemu nyingine, na nitaeleza kwa urefu kidogo mpaka kati ya sehemu hizo unapita wapi.

Wazo lenyewe si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brunel, magharibi mwa London, walimvalisha mtembeaji asiyeona kamera na kipokezi cha GPS, wakapeleka picha na mahali alipo kwa mwongozaji aliyekaa mbele ya kompyuta. Kilichokosekana wakati ule kilikuwa mtandao wa simu wenye kasi na kifaa ambacho mtu wa kawaida angeweza kukinunua. Simu janja zilipoenea, wazo likatoka maabara. Be My Eyes ilizinduliwa Januari 2015 na Hans Jørgen Wiberg, raia wa Denmark ambaye yeye mwenyewe ana uoni hafifu, na toleo la Android likafuata mwaka 2017. Wanaopokea simu ni watu wa kujitolea, hawalipwi, na mtumiaji pia halipi. Wako mamilioni duniani na wanawazidi kwa mbali wasioona wanaopiga, ndiyo maana simu kwa kawaida hupokelewa upesi. Aira, iliyoanzia California, ina wasaidizi waliofunzwa na wanaolipwa. Mbali na picha ya kamera, msaidizi wa Aira huona pia ramani na mahali ulipo, na mtumiaji hununua dakika, isipokuwa pale ambapo taasisi, kwa mfano uwanja wa ndege, imemlipia.

Kwa mtembeaji, tofauti kubwa iko hapo. Mtu wa kujitolea anaona dirisha dogo tu la mtaa asioujua, na huenda hajawahi kufika Afrika. Hawezi kukuambia kwamba umeshapita mlango unaoutafuta, kwa sababu hana ramani mbele yake. Mwombe akusomee kibao, akupatie mlango, akuambie kama gari lililo mbele yako ni la Kireka au la Entebbe, naye atafanya vizuri sana. Ukimwomba akutembeze kilomita nzima, hata moyo wake mwema hautafidia anachokikosa.

Sasa nije kwenye hatari yenyewe, ambayo matangazo huipita kimya. Picha inayomfikia msaidizi imechelewa. Mtandao ukiwa mzuri, kuchelewa huko ni sehemu ya sekunde. Ukiwa mbaya, ni sekunde moja, mbili au zaidi, kisha picha inaganda huku sauti ikiendelea, au sauti inakatika huku picha ikiendelea. Mtu mzima hutembea zaidi ya mita moja kwa sekunde. Ongeza muda ambao msaidizi anahitaji ili atambue shimo, atamke neno, na neno likufikie wewe. Anapokuonya kuhusu mtaro ulio wazi, mguu wako umekwisha kufika. Msaidizi wa mbali haoni pale ulipo. Anaona pale ulipokuwa. Fimbo haina ucheleweshaji huo, nayo hugusa ardhi hatua moja kabla ya mguu.

Jambo la pili ni upana wa picha. Kamera ya kawaida ya simu haifikishi hata nusu ya upana ambao macho mawili ya binadamu huona. Ikielekezwa mbele, haioni miguu yako. Ikielekezwa chini, haioni kioo cha pembeni cha lori kilicho usawa wa uso, wala bodaboda inayokuja kutoka kulia. Na hapa kwetu tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo gari la kwanza kukutishia unaposhuka ukingoni hutoka kulia. Mtu wa kujitolea aliye Denmark, Ufaransa au Marekani amezoea kinyume, na akikagua haraka atatazama kwanza upande usio sahihi bila hata kujua.

Kwa sababu hizo, kuvuka barabara kusiwe kazi ya msaidizi wa mbali kabisa. Aira wenyewe, pamoja na mafunzo yao yote, hutaka mtumiaji awe na fimbo au mbwa wake wa kumwongoza, na msaidizi hunyamaza wakati mtumiaji anavuka, ili masikio yabaki huru kusikiliza magari. Uamuzi wa kuvuka unabaki kuwa wa mwenye miguu. Mimi naona hiyo ndiyo kanuni bora kuliko zote katika teknolojia hii, na inashangaza kwamba haina gharama yoyote.

Kwa hiyo, gawanya safari yako katika maswali unayoweza kuyauliza ukiwa umesimama na maswali yanayojitokeza ukiwa unatembea. «Niko upande gani wa mtaa?» «Kibao hiki kinasemaje?» «Mlango uko kushoto au kulia?» Hayo yote uliza ukiwa umesimama, mgongo ukielekea ukuta, nje ya njia ya wapagazi. Ukishapata jibu, ondoa simu, tembea kwa fimbo mpaka kituo kinachofuata, simama, uliza tena ukihitaji.

Kuhusu njia yako hasa, una bahati ya kijiografia ambayo wengi hawaitumii. Old Taxi Park iko bondeni upande wa Nakivubo, na Kampala Road iko juu yake, kwenye ubavu wa kilima cha Nakasero. Ukiwa unapanda, unaelekea ofisini. Ukihisi ardhi imelala sawa kwa muda mrefu, huenda umekengeuka kuufuata mtaa wa pembeni, na ukianza kushuka basi unarudi ulikotoka. Hiyo ni dira iliyo chini ya viatu vyako, haihitaji bando wala chaji. Jifunze njia hiyo na mpwa wako kabla hajaondoka, akiwa nyuma yako bila kukushika, na uitafutie alama za kudumu za sauti, harufu na ardhi. Simu ije baadaye.

Fundi wa simu, Wandegeya, amejibu:

Mkufunzi ameeleza vizuri upande wa mwendo, nami nitaongeza upande wa kifaa, kwa sababu huko ndiko mipango mizuri huanguka.

WhatsApp inaweza kufanya kazi unayoitaka. Simu ya video huanza na kamera ya mbele, ile inayotazama uso, kwa hiyo ni lazima ubadilishe kwenda kamera ya nyuma. Jizoeze kukipata kitufe hicho kwa TalkBack mpaka uweze kufanya hivyo bila kufikiri. Kabla ya kupiga, mtumie mpwa wako mahali ulipo kwa njia ya moja kwa moja. WhatsApp inakuruhusu kuchagua dakika 15, saa moja au saa nane, nawe chagua saa moja. Hapo atakuwa na vitu viwili ambavyo mgeni wa kujitolea hana, yaani ramani inayosogea pamoja nawe na kumbukumbu ya mtaa alioupita kwa miguu yake mwenyewe. Mimi ningemchagua mpwa kuliko mgeni bila kusita. Hata hivyo, GPS ya simu mahali pa wazi hukosea kwa mita kadhaa, na kati ya majengo marefu hukosea zaidi kwa sababu mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika. Ramani inaweza kumwambia uko mtaa gani, lakini mara nyingi haiwezi kumwambia uko upande upi wa mtaa huo. Upande atauona kwa kamera.

Bando ni suala zito kuliko watu wanavyodhani. Video hula data nyingi mno kuliko sauti, na tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini mwetu inatozwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bei. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna chaguo la kupunguza matumizi ya data wakati wa simu, lakini ukiliwasha picha hufifia, na picha iliyofifia haisomi vibao. Njia nafuu ni ile ile ya Mkufunzi: piga ukiwa umesimama, uliza, kata. Dakika mbili za video zilizotumika vizuri zina thamani kuliko nusu saa ya kumwonyesha mpwa lami. Chaji nayo huenda upesi kamera, skrini, GPS na data vikiwaka kwa pamoja, kwa hiyo pawabenki ndogo mfukoni si anasa.

Kuhusu wizi, hofu yako ni ya haki. Simu iliyoshikwa mbele ya uso kando ya barabara hunyakuliwa na mtu aliye juu ya pikipiki kabla hujajua nini kimetokea. Wapo watu wanaotumia mfuko wa kifuani wenye tundu la kamera, wenye mikanda miwili mabegani, nao una faida mbili: mikono inabaki huru kwa fimbo, na picha haitikisiki sana. Fundi cherehani yeyote wa mtaani anaweza kukushonea kwa turubai, mpe tu simu yenyewe apime mahali pa kamera. Kwa upande wa sauti, epuka hedifoni zinazoziba masikio. Tumia ya sikio moja, au zile zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu na kuliacha sikio wazi, ambazo bei yake bado iko juu.

Ongeza pia ramani isiyohitaji intaneti. OsmAnd hufanya kazi kwenye Android kwa ramani za OpenStreetMap ambazo unapakua mara moja, na inatamka maelekezo. Haina msaidizi wa kibinadamu, lakini haitakuacha siku bando limeisha. Nawe usijifunge kwa programu moja tu: Microsoft walitoa Soundscape mwaka 2018, programu iliyowapa wasioona alama za sauti kutoka kila upande, watu wakaizoea, kisha wakaiondoa Januari 2023 na kuachia msimbo wake wazi ili wengine waendeleze. Kampuni ikibadili mawazo, wewe bado una ofisi ya kufika.

Mama wa Kireka amejibu:

Nimesoma yote, nami ni mtumiaji, sioni tangu utotoni. Kwa heshima zote kwa Mwalimu wa Mukono na kwa Fundi, nadhani mmemsahau msaidizi wa kwanza kabisa, ambaye ni mpita njia. Kampala si mji wa watu wakimya. Ukisimama na fimbo nyeupe karibu na taxi park, kabla hujapumua mara mbili kuna mtu atakayeuliza, «Nyabo, unaenda wapi?» Mtu huyo anaona pale pale, hana ucheleweshaji, hahitaji bando, na anajua magari yanatoka upande gani. Kuvuka barabara ni kazi yake. Mshike wewe kiwiko, usikubali akushike fimbo wala akusukume kwa mgongo.

Hata hivyo, mpita njia ana kasoro zake, na hapo ndipo simu inaponisaidia. Mara nyingine hajui anachoulizwa lakini anaona aibu kusema hajui, hivyo anakupeleka kwa uhakika kamili mahali pasipo. Mwendesha bodaboda atakuambia ofisi iko mbali sana, ilhali iko hatua chache mbele, kwa sababu anataka kukubeba. Na yapo mambo ambayo sitaki mtu wa barabarani ayajue, kama vile ninakokwenda nikiwa na hati za benki au matokeo ya hospitali. Kwa hayo namtafuta ndugu yangu kwa video, au Be My Eyes nikiwa ndani ya jengo. Ndani ya jengo kwa kweli ndiko huduma hiyo inakong'aa: lifti ipi, ghorofa ya ngapi, mlango una maandishi gani, foleni inaanzia wapi. Hakuna gari, ardhi imenyooka, na mlinzi yuko karibu mambo yakiharibika.

Katika Be My Eyes unachagua lugha, na mfumo unakutafutia mtu anayezungumza lugha hiyo mahali ambapo si usiku wa manane. Ukiongeza Kiingereza pamoja na Kiswahili utapata mtu upesi zaidi kuliko ukichagua Kiswahili peke yake. Lakini kumbuka kwamba ni mgeni kabisa. Usimwonyeshe skrini unapoingiza namba ya siri ya mobile money, usimwonyeshe kitambulisho chako chote kwa kuwa tu unataka kujua kama umekishika juu chini, wala usitembee naye hadi mlangoni pa nyumbani kwako. Uganda tunayo sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019, lakini sheria haitafuta kile ambacho mgeni amekwisha kukiona.

Jambo la mwisho, na hili nimelikuta likivuruga watu hata wa nyumba moja. Wazungu hufundishana kuelekeza kwa uso wa saa, ambapo saa 12 ni mbele, na tatu ni mkono wa kulia. Sisi tunaposema saa tatu, mshale mfupi uko kwenye tisa, yaani mkono wa kushoto! Mpwa akisoma mbinu hiyo mtandaoni akaanza kukuambia «mlango uko saa tatu», mmoja wenu atageukia kushoto na mwingine atakuwa na maana ya kulia. Kubalianeni kabisa kuachana na saa. Semeni kulia, kushoto, mbele, nusu kulia, nusu kushoto.

Mkazi wa Bweyogerere:

Nawashukuru nyote. Mama wa Kireka, hilo la saa nisingelifikiria kamwe, na la kiwiko nitalizingatia. Nimebaki na maswali mawili. Mpwa wangu anasisitiza kwamba siku hizi kuna akili mnemba inayoeleza picha yenyewe, hivyo hakuna haja ya mtu. Je, ni kweli? La pili, kama nitaanza kumfundisha wiki hii, nianzie wapi?

Mkufunzi wa Mukono amejibu:

Nakubaliana na Mama kuhusu mpita njia, na hilo la kumshika wewe kiwiko ndilo somo la kwanza tunalofundisha.

Kuhusu akili mnemba, Be My Eyes walitangaza mwaka 2023 kipengele kinachoitwa Be My AI, ambapo unapiga picha na mashine inakueleza kilichomo, kisha unaweza kuiuliza maswali. Seeing AI ya Microsoft, iliyokuwa ya iPhone tu tangu 2017, nayo ilifika Android mwishoni mwa 2023. Kwa kusoma barua, kutambua pakiti ya dawa au kujua shati lina rangi gani, ni msaada mkubwa, na haichoki wala haikuonei huruma. Lakini inaeleza picha moja iliyokwisha pigwa, na hutamka kosa kwa sauti ile ile ya uhakika inayotamkia ukweli. Waliotengeneza Be My AI wenyewe wanaonya kwamba isichukue nafasi ya fimbo nyeupe wala mbwa wa kuongoza. Yote niliyosema kuhusu picha iliyochelewa yanahusu mashine hiyo mara mbili zaidi. Mpwa wako ana haki kwa mambo ya mezani, hana haki kwa mambo ya barabarani.

Kuhusu mafunzo, anzia Bweyogerere, mahali unapopajua kuliko yeye. Mwache akae nyumbani na simu, wewe utembee njia uliyoizoea, yeye ajaribu kukuongoza kwa video. Utagundua upesi anaposema maneno yasiyo na maana kwako, kama «pale», «huku», «karibu na kile cheupe». Kila neno la namna hiyo mlibadilishe kuwa upande na umbali, na umbali upimwe kwa hatua zako, si kwa mita anazozikisia yeye. Neno «simama» liwe moja tu, fupi, lisitumike kwa jambo jingine lolote, na ukilisikia usimame kwanza kabla ya kuuliza sababu. Aeleze kinachoonekana, asikupe amri. Tofauti kati ya «kuna ngazi mbele, hatua tano» na «nenda tu mbele» ni kubwa, kwa sababu ya kwanza inakuachia wewe uamuzi. Ajifunze pia kunyamaza. Vijana huona aibu simu ikiwa kimya, wakajaza nafasi kwa mazungumzo ya mpira, nawe unahitaji sikio lako.

Baada ya hapo mhamie mjini Jumapili asubuhi, wakati taxi park imepungua, yeye akae kwenye kona moja ya mtaa na wewe mtaa unaofuata, karibu kiasi kwamba anaweza kukukimbilia. Hapo ndipo mtaona mtandao unakatika wapi. Wekeni makubaliano mapema: simu ikikatika, wewe unarudi kwenye ukuta wa karibu na kusubiri, yeye ndiye anayepiga tena, kamwe si wote wawili kwa wakati mmoja, maana mtakuta kila mmoja namba ya mwenzake ina shughuli. Msipounganishwa kwa muda mliokubaliana, unaendelea kwa fimbo na kwa watu, kama safari ya kawaida. Si kwamba nakutisha. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa siku kadhaa, na walioajiriwa mjini walitakiwa kazini kama kawaida mara tu ofisi zilipofunguliwa.

Jambo moja zaidi, lihusu mwajiri wako. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo una ibara ya 20 inayozungumzia hasa uwezo wa mtu kutembea kwa uhuru wake. Tunayo pia sheria yetu ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020. Huhitaji kuingia ofisini ukipeperusha sheria hizo, lakini unaweza kuomba jambo dogo lenye manufaa makubwa: kuanza kazi nusu saa baada ya wenzako, ili upite taxi park msongamano ukiwa umepungua. Pia, Chama cha Kitaifa cha Wasioona cha Uganda, ambacho kimekuwepo tangu 1970, ni mahali pa kuuliza kuhusu mafunzo ya fimbo na vifaa.

Kabla sijakuandikia njia yenyewe, nieleze ofisi iko upande upi wa Kampala Road, ule unaotazama bonde au ule wa mlimani. Kama ni wa bondeni, huhitaji kuivuka Kampala Road hata kidogo, na mpango wote unakuwa mwepesi. Kama ni wa mlimani, itabidi tuchague mahali pa kuvukia penye taa za barabarani, hata kama patakurefushia njia.

Mkazi wa Bweyogerere:

Ni upande wa bondeni, Mwalimu. Mlango uko baada ya benki, na kuna ngazi tatu za kupanda kabla ya mlinzi.

Mkufunzi wa Mukono:

Basi huivuki Kampala Road. Jumapili nendeni mkahesabu milango kati ya benki na ngazi hizo, na mpwa apige picha ya kila kibao ili akiwa Mbarara ajue anachokitafuta kwenye skrini.